Vifaa Visivyosikilizana: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Kompyuta ya Gemu kwa Pesa Chache



Tunapenda kuwasimulia jambo lililotokea katika darasa letu la kompyuta.

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la Jumamosi alikuwa akiweka akiba kwa muda wa miaka miwili. Aliweka pesa za sikukuu, akaweka na nauli alizookoa kwa kutembea kwa miguu, na baba yake akamwahidi kumwongezea nusu. Azma yake ilikuwa kujenga kompyuta ya kuchezea gemu. Pesa zilipotimia alinunua kifaa kimoja kimoja. Prosesa aliletewa na mjomba wake kutoka Dubai, bodi kuu na memori alinunua Kariakoo, kasha na pawa saplai akauziwa na rafiki yake. Kadi ya grafiki aliiacha kwanza, akisema ataitafuta pesa ikipatikana. Alipounganisha vyote na kubonyeza swichi, feni zilizunguka, taa zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii.

Baba aliamini kwamba mwanawe ametapeliwa. Kijana aliamini kwamba ameunguza kitu kwa mkono wake mwenyewe. Siku kadhaa nyumbani hapakuwa na maelewano, na mjomba naye akapigiwa simu kuulizwa alinunua kitu gani. Walipotuletea mashine ile tulikuta hakuna kilichoungua na hakuna aliyetapeli. Prosesa ilikuwa Core i3-12100F. Herufi F ya mwisho maana yake ni kwamba prosesa hiyo haina sehemu ya kutoa picha, hivyo bila ya kadi ya grafiki haiwezi kuwasha skrini. Tuliazima kadi kutoka kompyuta moja ya darasa, tukaichomeka, na skrini ikawaka. Baba yake akatuuliza: "Mbona hakuna aliyetuambia?"

Makala haya ni jibu la swali lake.

Huenda mzazi mwingine akauliza, madrasa na gemu wapi na wapi? Tunasema kwamba kijana aliyekwisha kuazimia kununua, yafaa anunue kwa ujuzi, kwani pesa ya akiba ikitupwa kwa kutojua ni hasara ya nyumba nzima. Tena mashine yenye nguvu ya kucheza gemu ndiyo hiyo hiyo yenye nguvu ya kuhariri video, kuchora ramani za majengo na kujifunza kuandika programu. Saa za kucheza, saa za swala na saa za masomo ni mapatano ya kila nyumba. Sisi hapa tutaeleza vifaa.

KANUNI MOJA YA KUSHIKA

Kifaa kizuri ni kile kinachosikilizana na wenzake. Usilipie kifaa chochote mpaka orodha nzima imeandikwa kwenye karatasi moja, na kila kifaa kimelinganishwa na vingine. Mambo ya kulinganisha ni matano.

1. Prosesa na bodi kuu

Bodi kuu ni ule ubao mkubwa ambao mafundi huuita madabodi, na ndio unaobeba vifaa vyote. Katikati yake pana soketi ya kukalia prosesa, na kila soketi ina jina. Prosesa za AMD aina ya Ryzen, tangu mwaka 2017, zilikuwa zikikaa kwenye soketi ya AM4. Mwaka 2022 ikaja soketi ya AM5, na prosesa ya moja haiingii kwenye nyingine. Kwa upande wa Intel, kizazi cha 10 na cha 11 hukaa kwenye LGA1200, na kizazi cha 12, 13 na 14 hukaa kwenye LGA1700.

Kizazi cha prosesa ya Core i3, i5 au i7 husomwa kwenye namba yake. Katika i5-8500, tarakimu 8 ni kizazi cha 8. Katika i5-12400, tarakimu mbili za mwanzo, yaani 12, ndizo kizazi.

Ila soketi peke yake haitoshi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9 zote hukaa kwenye soketi iitwayo LGA1151, lakini za kizazi cha 8 na 9 hazikukusudiwa kufanya kazi kwenye bodi za kizazi cha 6 na 7. Zinaingia vizuri kabisa, kisha mashine haiwaki. Kadhalika, bodi ya AM4 iliyotengenezwa kabla ya prosesa za Ryzen 5000 kutoka, mwaka 2020, huenda ikahitaji kusasishwa programu yake ya kuwashia, yaani BIOS, kabla haijaitambua prosesa hiyo. Dawa yake ni kufungua tovuti ya kiwanda kilichotengeneza bodi na kutafuta orodha ya prosesa inazozikubali. Jina la prosesa yako lisipokuwemo, usinunue.

2. Memori

Memori ya DDR4 na ya DDR5 kwa macho zinafanana, na zote zina pini 288. Lakini kile kikato kidogo kilicho upande wa pini kiko mahali tofauti, kwa hiyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Ukiona haiingii usilazimishe, utavunja bodi. Soketi ya AM4 hutumia DDR4, na AM5 hutumia DDR5. Soketi ya LGA1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, basi soma kwenye boksi la bodi yenyewe. Memori ya laptopu ni fupi zaidi na haikai kwenye kompyuta ya mezani.

Ni vyema pia kununua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwani viwili hufanya kazi kwa pamoja na mashine hupata kasi zaidi. Kabla ya kuvichomeka, soma kitabu cha bodi kujua ni nafasi zipi mbili zinazotakiwa.

3. Picha itatoka wapi

Hapa ndipo alipokwama mwanafunzi wetu. Kwa Intel, herufi F mwishoni maana yake haina picha. Kwa AMD za soketi ya AM4, Ryzen 5 5600 haina picha, lakini Ryzen 5 5600G inayo. Anayetaka kuanza bila ya kadi na kuongeza baadaye, achague prosesa yenye picha yake. Gemu nyepesi zitacheza, na kazi za skuli hazitasimama.

4. Umeme

Pawa saplai ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho chenye uwezo wa kuua vingine vyote. Nafasi ya kadi kwenye bodi hutoa wati 75. Waya wa pini 6 huongeza wati 75, na wa pini 8 huongeza wati 150. Kadi ikitaka waya wa pini 8 na pawa saplai yako haina, tafuta pawa saplai nyingine, usiunge waya za kubahatisha.

Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Tazama kibandiko, tafuta mstari wa volti 12, chukua idadi ya ampia na uzidishe kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 lakini ina ampia 20 tu kwenye volti 12, inatoa wati 240 pale panapohitajika.

Jambo la hatari zaidi ni volti za nchi. Tanzania umeme wetu ni volti 230, lakini Marekani ni 120 na Japani ni 100. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka hapa kwetu, italipuka. Ile iliyoandikwa 100-240V haina tatizo hilo. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, tenga pesa ya stabilaiza au UPS.

5. Vipimo

Bodi ya ATX ina sentimita 30.5 kwa 24.4. Micro-ATX ina 24.4 kwa 24.4, na Mini-ITX ina 17 kwa 17. Kasha kubwa hupokea bodi ndogo, lakini kasha dogo halipokei bodi kubwa. Pima pia urefu wa kadi ya grafiki na kimo cha feni ya prosesa, kisha linganisha na vipimo vya kasha.

MFANO WA ORODHA INAYOSIKILIZANA

Tuchukue prosesa ya Ryzen 5 5600, bodi ya micro-ATX yenye chipseti ya B550, memori ya DDR4 vipande viwili vya GB 8, kadi ya Radeon RX 6600, SSD ya NVMe, kasha la micro-ATX na pawa saplai ya wati 550.

Tuikague. Prosesa na bodi zote ni za AM4. Bodi ni ya DDR4 na memori ni ya DDR4. Prosesa haina picha, lakini kadi ipo. Prosesa imeandikwa wati 65 na kadi wati 132, jumla 197, na tukiongeza wati 50 za feni, diski na bodi tunapata kama 250. Wati 550 za kweli zinatosha na nafasi inabaki. SSD ya NVMe inapata nafasi yake ya M.2 kwenye bodi. Kilichobaki ni urefu wa kadi, ambao unatafutwa kwa rula.

Mashine ya namna hii inatosha kucheza gemu nyingi kwenye skrini ya nukta 1920 kwa 1080. Mwenye skrini ya kawaida ya namna hiyo hana haja ya kununua kadi ya bei kubwa kupita hapo.

NJIA YA MTUMBA

Kwa familia nyingi orodha hiyo bado ni nzito. Njia nyepesi ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP, kisha kuiongezea kadi ndogo. Kadi ya GTX 1650 hutumia wati 75, na baadhi ya matoleo yake hayahitaji waya wa ziada. Tafuta toleo hilo, kwani pawa saplai za kompyuta hizi mara nyingi hazifiki wati 300 wala hazina waya wa kadi. Nyingine zina soketi za umeme za kiwanda chake peke yake, hivyo kuzibadilisha si rahisi. Chagua kompyuta ya kasha refu. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu.

Tazama pia kizazi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kompyuta ya kizazi cha 4 ni rahisi kwa sababu hiyo, na anayeinunua ajue.

Unaponunua kadi iliyotumika usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba iwashwe mbele yako, gemu liendeshwe walau nusu saa, na usikilize feni. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa majina zionekane mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z husaidia kuzitambua.

MWISHO

Vijana wengi wana jamaa Dubai au Muscat wanaowaletea vifaa kwenye mabegi. Ni neema kubwa, lakini kifaa kikishavuka bahari si rahisi kukirudisha dukani. Kwa hiyo mtumie mjomba jina kamili pamoja na herufi ya mwisho, na umwombe akutumie picha ya boksi kabla hajalipa.

Mwanafunzi wetu alisubiri miezi minne akapata kadi iliyotumika. Safari hii alikaa na baba yake mezani wakaandika karatasi: soketi, memori, picha, umeme, vipimo. Baba ndiye aliyeshika rula kupima kasha, na ndiye aliyegundua kwamba kadi waliyoitaka mwanzo ingezidi kwa sentimita mbili. Wakachagua nyingine.

Anayetaka kukaguliwa orodha yake, ailete darasani siku ya Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Hatutozi chochote. Ila aje nayo kabla ya kununua.