Fedha za Kampeni Zinapozidi: Sheria za Majimbo ya Marekani

Uchaguzi unapokwisha nchini Marekani, na washindi wamekwisha kuapishwa, hubaki swali ambalo wapiga kura wengi hawaliulizi: fedha zilizosalia katika mfuko wa mgombea ni mali ya nani? Mgombea hakuzitolea jasho. Aliyezitoa alizitoa kwa ajili ya kampeni, na kampeni imekwisha. Tena mara nyingi fedha hizo si kidogo.

Itakumbukwa kwamba mwezi Juni 1972 watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate mjini Washington. Wapelelezi walipofuata nyayo za fedha, waligundua kwamba hundi ya dola 25,000, iliyotolewa kuchangia kampeni ya Rais Nixon, ilikuwa imepitia katika akaunti ya benki ya mmoja wa watu hao. Kabla Nixon hajajiuzulu mwezi Agosti 1974, wananchi wa jimbo la California walikuwa wamekwisha kupiga kura, mwezi Juni mwaka huo, kupitisha sheria yao wenyewe ya kusafisha siasa na kuunda tume ya kuisimamia. Serikali ya shirikisho ilifuata mwezi Oktoba.

Sheria ya California inastahili kutazamwa kwa makini, maana inagusa kuzidi kwa aina mbili: mchango unaopita kikomo siku unapotolewa, na fedha zinazobaki baada ya uchaguzi.

Vikomo vyenyewe viliwekwa kwa kura ya wananchi mwaka 2000. Mtu mmoja aliruhusiwa kumchangia mgombea wa ubunge wa jimbo dola 3,000 kwa kila uchaguzi, na mgombea wa ugavana dola 20,000. Viwango hivyo hupandishwa kila baada ya miaka miwili kwa kufuata gharama za maisha. Hundi inayopita kikomo haipaswi kuingizwa benki; mtunza hazina wa kampeni ana siku 14 tangu kuipokea kuirudisha kwa mwenyewe, na akifanya hivyo huhesabiwa kwamba hakuipokea kamwe. Mchango wa dola 100 au zaidi usio na jina la mtoaji haurudishwi kwa mtu, kwa kuwa hajulikani, wala mgombea hauweki. Hupelekwa moja kwa moja katika hazina ya jimbo. Hapo mtunga sheria alikuwa na akili, kwani mtu anayetoa fedha nyingi gizani kwa kawaida ana shabaha yake.

Baada ya uchaguzi hufuata hesabu nyingine. Kiongozi anapoondoka madarakani, au mgombea anaposhindwa, sheria humpa muda wa siku 90. Aliyeshindwa huanza kuhesabiwa siku hizo baada ya kipindi cha taarifa ya fedha kinachofuata uchaguzi. Muda huo ukipita, fedha zilizobaki huitwa ziada, na matumizi yake hubanwa. Anaweza kulipa madeni ya kampeni, kuwarudishia waliochanga, au kuzitoa kwa shirika la hisani, la elimu au la dini. Hawezi kumpa mgombea mwingine wa California. Lakini mgombea wa jimbo jingine, au wa Bunge la Washington, anaweza kumpa, jambo ambalo msikilizaji atalistaajabia.

Kwa hiyo wanasiasa wazoefu hawangoji siku ya 90. Hufungua kamati mpya ya kugombea cheo kingine na kuzihamishia huko fedha zingali hazijaitwa ziada. Sheria iliona hila hiyo: kila dola inayohamishwa hubandikwa tena jina la aliyeitoa, kwa kuanzia wachangiaji wa kwanza au wa mwisho, ili tajiri aliyekwisha kufikia kikomo chake asihesabiwe kama mtu mpya.

Texas ina mtindo wake. Wagombea wengi wa huko hawawekewi kikomo cha mchango, ila akiisha kuondoka katika siasa mtu hawezi kukaa na fedha hizo zaidi ya miaka sita. Virginia nayo haikuweka kikomo, na kwa miaka mingi marufuku ya kujifanyia mambo binafsi kwa fedha za kampeni ilianza pale tu kamati inapofungwa. Aliyeiacha kamati yake wazi hakuguswa.

Wala wabunge wa Washington si wa kuwacheka wenzao wa majimboni. Sheria iliyotiwa saini Januari 1980 iliwakataza kugeuza fedha za kampeni kuwa mali yao, lakini waliwasamehe wale waliokuwa tayari bungeni siku hiyo, yaani walijisamehe wenyewe. Mlango huo ulifungwa kwa sheria ya 1989, nao ulifungwa polepole: aliyestaafu kabla ya Bunge jipya la Januari 1993 aliondoka na haki yake, na aliyebaki aliipoteza.

Yote haya yanahusu fedha zinazopita mkononi mwa mgombea. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba michango inaweza kuwekewa kikomo, lakini matumizi hayawezi, kwa kuwa kutumia fedha kutangaza mawazo ni sehemu ya uhuru wa kusema. Kwa hukumu za mwaka 2010 makampuni na matajiri wakapata ruhusa ya kuchangia bila kipimo kamati zinazompigia debe mgombea pasipo kushirikiana naye. Kamati hizo zinaendelea hadi leo, na sheria ya siku 14 ya California haizigusi, kwa sababu mgombea mwenyewe hapokei hundi yoyote kutoka kwao.