Ngozi na Maadui Zake (Sehemu ya Pili): Funza Anapowafungulia Bakteria Njia

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, zilizoshikamana kwa mafuta, kavu na zenye asidi kidogo. Bakteria wengi hukwama papo hapo. Hata stafilokoka, anayeishi puani mwa takriban watu watatu katika kila kumi bila kuwadhuru, ni nadra kuipenya ngozi nzima. Husubiri itobolewe.

Mtoboaji mmojawapo huku kwetu ni funza. Asili yake ni Amerika ya Kusini; mwaka 1872 aliletwa na meli Angola, akasambaa na misafara hadi akafika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya karne ile kwisha.

Funza jike huingia kandokando ya ukucha au kisiginoni. Baada ya wiki moja au mbili tumbo lake huwa limefura kama punje ya njegere. Ubaya ni kwamba kidonda hakifungi: mdudu huacha tundu ili apate hewa na kutaga mayai, na vijidudu vya vumbini na vya kwenye ngozi hupitia humo humo. Akifa, huozea ndani.

Wakishaingia, bakteria hawafanyi kazi kwa namna moja. Stafilokoka hugandisha utomvu wa damu ukamzunguka, chembe nyeupe zikashindwa kumfikia kwa urahisi, na usaha ukatunga. Streptokoka hufanya kinyume: huyeyusha damu iliyoganda, akasambaa haraka, mguu ukawa mwekundu na wa moto.

Wa kuogopwa zaidi ni wa pepopunda. Mbegu zake hukaa udongoni na kwenye samadi kwa miaka, zikisubiri nyama iliyokufa isiyo na oksijeni. Hapo huamka na kutoa sumu inayoshika neva, taya zikakaza.

Inasikitisha kwamba mzazi anayemtoa mwanawe funza kwa pini au mwiba, kwa nia njema kabisa, huipanua njia ile ile. Pini hiyo ikipokezanwa, huweza kupeleka hata virusi vya homa ya ini. Yapo mafuta ya dimetikoni, yaliyofanyiwa majaribio Kenya, ambayo hupenya tunduni na kumnyima funza hewa bila ngozi kuchokolewa. Yanastahili kuwepo katika kila zahanati ya kijijini, pamoja na chanjo ya pepopunda.