Je, Wajua? Mji Uliozaliwa na Daraja

Kabla ya kuitwa Moi's Bridge, mji huu wa Kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo daraja lilitangulia, mji ukafuata. Hata jina la kaunti jirani, Trans Nzoia, maana yake ni ng'ambo ya Nzoia tu!

Reli ya kutoka upande wa Eldoret ilipita hapa na kufika Kitale mwaka 1926, kusomba mahindi ya walowezi. Siku hizi inayotegemewa ni matatu. Barabara ya Eldoret hadi Kitale, kama kilomita 70, hupitia Soy, Matunda na Moi's Bridge, na makanga hukuita hata kama huna safari.

Lakini lami ni ya barabara kuu. Ukiingia mashambani, mvua ikinyesha, ni wewe, tope na bodaboda. Mwendeshaji hufunga gunia la mahindi la kilo 90 nyuma kwa mipira ya tyubu kuukuu, halafu huvua viatu kabla ya kuikabili njia.

Na wanaohitaji njia hizo si haba: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,163,186 katika Kaunti ya Uasin Gishu, na 990,341 ng'ambo ya mto.