Sinia letu na meza ya Wafaransa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa hii twapenda kuzungumzia chakula na uzito wa miili yetu.

Wafaransa wanajulikana kwa siagi, jibini na mikate yao. Lau unene ungeletwa na mafuta peke yake, wangekuwa miongoni mwa watu wanene mno duniani. Lakini mwaka 2020 watu wazima wenye unene wa kupindukia nchini humo walikuwa asilimia 17, ilhali Marekani, kwa vipimo vya 2017 na 2018, walikuwa asilimia 42.

Mwaka 1992 mtaalamu Serge Renaud aliandika kuwa huenda mvinyo ndio unaolinda mioyo ya Wafaransa, na wengi wakalishika neno hilo. Kwetu mvinyo ni haramu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama.

Jibu lenye manufaa lilitoka kwingine. Mwaka 2003 mtafiti Paul Rozin na wenzake walipima vyakula vya migahawa. Mlo mmoja mjini Paris ulikuwa na wastani wa gramu 277, na Philadelphia, Marekani, gramu 346. Hata katika migahawa ya McDonald's, Mfaransa alikaa mezani takriban dakika 22, na Mmarekani 14. Yaani Mfaransa alikula kidogo, tena kwa utulivu. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupasha ubongo habari ya kushiba. Mwenye kula mbio huwa amekwisha kuzidisha kabla habari haijafika.

Je, mafunzo haya ni mageni kwetu? Hasha. Katika hadithi ya Al-Miqdam iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alituelekeza kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Na Surat Al-A'raf, aya ya 31, yatukataza israfu katika kula na kunywa.

Sasa tujitazame sisi watu wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga. Wazee wetu walikula bada kwa samaki, kisamvu cha nazi na machungwa ya Muheza, kisha wakatembea kwa miguu au kwa baiskeli zilizoupa mji wetu sifa. Leo twapanda bodaboda kwenda dukani, na jioni barazani twala chipsi na viazi karai, twateremshia soda. Chupa moja ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, ilhali mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora mtu mzima asizidishe kama gramu 25 kwa siku nzima.

Matokeo tunayaona. Takwimu za nchi zaonesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015-16. Nyuma ya unene huo hufuata kisukari na shinikizo la damu, na mzigo huiangukia familia nzima. Hata hivyo, mume akinenepa bado twasema mkewe anamtunza!

Hatulilaumu sinia, kwani kula pamoja kuna baraka. Twalaumu kulirundika pilau, na kumlazimisha mgeni aongeze hali amekwisha shiba. Twalaumu pia futari yenye kaimati, tambi na mihogo kwa pamoja, hata mtu akatoka Ramadhani mzito kuliko alivyoingia.

Wala tusidhani kuwa Wafaransa wamesalimika kwa damu yao. Mwaka 1997 wanene wa kupindukia kwao walikuwa asilimia 8.5 tu, hadi 2020 idadi imekuwa maradufu. Hapana umma wenye kinga ya kudumu.

Basi enyi akina baba na akina mama, pakueni kidogo, kaeni pamoja na watoto kwa nyakati maalumu, tafuneni taratibu, na inukeni kabla tumbo halijajaa. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kwa kijiko, na msikiti wa karibu uendewe kwa miguu.

Mwili ni amana. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza, Amin. Wabillahi tawfiq.