Selimundu: kila mimba huanza hesabu upya

Mzazi, kama mtoto wako wa kwanza ana selimundu, huenda umeambiwa kwamba ninyi wawili mmebeba kinasaba chake, na kwamba mtoto mmoja kati ya wanne huugua. Hapo wengi hupumua: wa kwanza ameshaugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Nalisikia hili kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, na kila mara natoa sarafu mbili za shilingi 200.

Moja ni baba, nyingine mama. Upande wa simba ndio kinasaba cha ugonjwa. Zirushe pamoja: zote zikionyesha simba, mtoto anaugua. Nafasi ni asilimia 25. Zirushe tena, ni 25 ileile, sarafu hazikumbuki.

Kwa watoto wanne, wastani ni mgonjwa mmoja, lakini wastani si ahadi. Chukua familia 100 za namna hii, kila moja ina watoto wanne. Takriban 32 hazitakuwa na mgonjwa, 42 zitakuwa na mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. (Kipimo cha mtawanyiko huo, varianzi, ni 4 × ¼ × ¾, yaani 0.75.) Kwa hiyo ukiuguza wawili, hukukosea kitu wala hukurogwa.

Ukiwa mjamzito tena, mweleze mhudumu kliniki mapema. Mtoto apimwe angali mchanga, usisubiri vidole vivimbe. Akigundulika, huanzishiwa penisilini ya kila siku ili kumkinga na maambukizi. Na baba naye aje kupima. Sarafu ni mbili.