Gesi Haiishi Kama Petroli: Sayansi ya Kutengeneza Kiyoyozi cha Gari Kuukuu

Miongoni mwa magari makongwe yanayoonekana bado katika barabara zetu, yale yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne yana heshima ya pekee. Toyota Land Cruiser za namba 60, zilizotengenezwa tangu mwaka 1980 hadi 1990, ni mfano mzuri. Injini yake ikichoka hufunguliwa na kufungwa tena. Springi zikivunjika hubadilishwa. Lakini kiyoyozi chake kikiacha kupoza hewa, mara nyingi mwenye gari huchukua mojawapo ya njia mbili: ama hukiacha kife kabisa na kufungua madirisha, vumbi liingie lipendavyo, ama humwendea fundi ambaye humwongezea gesi. Ubaridi hurudi kwa majuma matatu, kisha joto huwa lile lile, na safari ya kwenda kwa fundi huanza upya.

Chanzo cha hasara hii ni dhana moja tu isiyo sahihi, yaani kwamba gesi ya kiyoyozi hutumika na kwisha kama petroli. Sivyo ilivyo. Gesi hiyo haichomwi wala hailiwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama hakuna mahali inapovujia, kiasi kilichotiwa kiwandani kingekuwapo mpaka leo. Basi gesi ikipungua ipo sababu, na kuiongeza bila ya kuitafuta sababu hiyo si kutengeneza.

Kwanza yafaa tuelewe kazi ya chombo chenyewe. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Mwanafunzi akijipaka spiriti mkononi atahisi ubaridi, kwa kuwa spiriti inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi. Joto hilo, ambalo halipandishi kipimajoto bali hubadili hali ya kitu tu, huitwa joto fiche. Kilo moja ya gesi iitwayo R-134a, ikichemka kwenye nyuzi 0 za Sentigredi, huchukua karibu kilojuli 200. Hilo ni joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi 48 hivi.

Lakini joto haliendi lenyewe kutoka penye ubaridi kwenda penye joto, na hapo ndipo kompresa inapohitajika. Hunyonya mvuke ulio kwenye kanieneo ya angahewa 3 hivi, na kuusukuma mpaka ufike karibu angahewa 15. Kwenye kanieneo hiyo R-134a hugeuka majimaji ikiwa na nyuzi 55. Hewa ya mchana wa Dar es Salaam ina nyuzi 32. Basi gesi iliyosongwa ina joto kuliko mchana wenyewe, na inaweza kulitoa joto lake katika kondensa, yale mabomba yenye mapezi yaliyo mbele ya rejeta. Majimaji hayo hupita katika kikaushio, kisha katika tundu jembamba la vali ya upanuzi, kanieneo hushuka ghafula, nayo huchemka tena ndani ya evaporeta iliyo chini ya dashibodi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, katika nchi ya baridi, tulifundishwa mzunguko huu kwa kielelezo cha jokofu. Kwa maoni yangu gari la zamani ni kielelezo bora zaidi, kwani karibu kila chombo huonekana kwa macho unapofungua boneti.

Kazi ya Nyumbani Isiyogusa Gesi

Yapo makosa mengi yanayofanana na upungufu wa gesi ilhali gesi imejaa. Kondensa iliyozibwa na tope na wadudu haiwezi kutoa joto. Ioshe kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, yasije yakakunja mapezi. Mkanda uliolegea huteleza. Hali kadhalika, magari haya yana vali inayozuia maji ya moto ya injini yasiingie katika hita ya ndani, na kebo yake ikilegea, hita na kiyoyozi hushindana ndani ya sanduku moja. Kama kiyoyozi hupoza barabarani na kushindwa katika msongamano, tazama feni ya rejeta, kwa maana feni inayozungushwa na injini huvuta hewa kidogo sana injini inapozunguka polepole.

Kosa ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni la klachi, kwa sababu linawapotosha watu wengi na lina somo zuri la Fizikia. Pulei ya kompresa huzunguka bure juu ya beringi yake mpaka umeme upite katika koili iliyo nyuma yake. Hapo koili hugeuka sumaku, na sahani ya chuma iliyo mbele huvutwa ikashikamana na pulei, ndipo kompresa huanza kufanya kazi. Kati ya sahani na pulei mna upenyo wa karibu nusu milimita. Kwa miaka mingi ya kushikana na kuachana, nyuso hizo hulika na upenyo huzidi.

Tuseme koili ina ukinzani wa omu 3.6 asubuhi, kwenye nyuzi 25. Kwa volti 12, mkondo utakuwa ampea 3.3. Sasa ukinzani wa shaba huongezeka kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi moja. Koili ikifikia nyuzi 100 chini ya boneti, ukinzani wake hufika omu 4.7, na mkondo hushuka hadi ampea 2.6. Mvuto wa sumaku hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Kwa hiyo hubaki kama asilimia 60 tu ya ule wa asubuhi, na ukinzani wa viungo vya waya vilivyoshika kutu huupunguza zaidi. Sahani iliyo mbali haivutiki tena. Ndiyo maana kiyoyozi hupoza saa mbili asubuhi na kugoma saa saba mchana, na mwenye gari huapa kwamba gesi imepungua!

Kuchunguza jambo hili ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa lakini bado ina joto, peleka waya wenye fyuzi kutoka kwenye betri hadi kwenye koili. Ukisikia mlio mkali wa chuma kugonga chuma, klachi ni nzima. Usiposikia, pima upenyo kwa filageji, yaani vile vibao vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Ukizidi kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, fungua nati ya katikati, toa sahani, na uondoe kimoja cha vijipete vyembamba vilivyo nyuma yake. Hakuna bomba la gesi lililofunguliwa, wala senti iliyotumika.

Kutafuta Mvujo

Hapa tahadhari yahitajika kuhusu geji. Gari likiwa limelala usiku kucha, kanieneo ndani ya mabomba haionyeshi kiasi cha gesi kilichomo. Maadamu limebaki hata tone la majimaji, kanieneo hufuata halijoto peke yake: kwenye nyuzi 30, R-134a huonyesha karibu angahewa 6.6 juu ya ile ya hewa ya nje, iwe imejaa au imebaki robo. Kiasi cha gesi hujulikana kwa kupimwa kwa mizani, si kwa kukisia.

Dalili ya mvujo hutokana na mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Inapotoka gesi, mafuta hutoka pia na kushika vumbi. Kiungo cha bomba chenye doa jeusi la unyevu ni mshukiwa wa kwanza. Mpake povu la sabuni utazame. Kama mabomba ni matupu, fundi huyajaza naitrojeni kavu na kuyapima. Oksijeni isitumiwe kamwe, kwa maana ikikutana na mafuta katika kanieneo kubwa yaweza kulipuka.

Pete ya mpira ya kiungo ikibadilishwa, lazima kikaushio kibadilishwe pia, maana chembe zake zimekwisha kushiba unyevu wa hewa. Kisha pampu hunyonya hewa yote. Wengi hudhani kazi ya pampu ni kuondoa hewa tu, lakini maji ndiyo adui mkubwa: huganda katika tundu la vali, na hushiriki katika kutengeneza asidi inayokula mabomba. Kwenye nyuzi 30 maji huchemka kanieneo ikishuka chini ya milibari 42. Kwenye nyuzi 10 lazima ishuke chini ya 12. Kwa hiyo kazi hii ni nyepesi zaidi Tanga kuliko Njombe mwezi wa Julai. Tena geji ya kawaida hulinganisha na hewa ya nje, ambayo katika mji ulio juu kama Mbeya ni pungufu. Sindano haitafika mwisho hata pampu iwe bora namna gani. Walimu wanaweza kuonyesha jambo hili darasani: vuta maji ya nyuzi 70 kidogo katika bomba la sindano lisilo na sindano, toa hewa, ziba mdomo wake, kisha vuta mtambo kwa nguvu. Maji yatachemka bila ya moto.

Gesi ya Zamani

Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 yalitiwa gesi nyingine, R-12, ambayo molekuli yake ina atomi mbili za klorini na mbili za florini juu ya kaboni moja. Ilibuniwa Marekani mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake, ikasifiwa kwa kuwa haiwaki wala haina sumu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii hiyo hupanda mpaka tabaka la juu la angahewa, ambako mionzi ya jua huzivunja na kuachia klorini inayoharibu ozoni. Mkataba wa Montreal ukatiwa sahihi mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zikapewa mpaka mwaka 2010 kuacha kuzalisha na kutumia R-12. R-134a haina klorini, lakini kilo moja yake huipasha dunia joto kwa karne moja kama kilo 1,430 za kaboni dioksaidi. Kwa ajili hiyo gesi za namna yake ziliwekewa mpango wa kupunguzwa katika mkutano wa Kigali, Oktoba 2016.

Basi lipo jambo moja ambalo mtu wa nyumbani asilifanye: kulegeza bomba na kuiacha gesi itoke. Licha ya kuharibu anga, majimaji yake yaweza kugandisha jicho kwa nukta chache. Gesi inyonywe kwa mashine na fundi aliyesomea. Fundi huyo akibadili gari la R-12 litumie R-134a, atabadili mafuta pia, kwa sababu mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya na hayatarudi kwenye kompresa. Naye atapima gesi kwa uzito wa asilimia 80 hadi 90 ya ule wa kwanza. Wapo wanaotia gesi ya kupikia. Ni kweli kwamba hupoza, na hupoza vizuri. Lakini evaporeta imo ndani ya chumba cha abiria, na mvujo mdogo pamoja na cheche ya swichi vyatosha kuunguza watu.

Baada ya kazi, weka kipimajoto katika tundu la hewa. Mtu wa pwani asishangae akiona nyuzi kadhaa zaidi kuliko mtu wa Dodoma, kwani sehemu kubwa ya nguvu ya kiyoyozi chake hutumika kugeuza unyevu wa hewa kuwa maji. Dimbwi dogo chini ya gari ni dalili ya afya. Likikosekana siku yenye unyevu, huku zulia la abiria limelowa, kimfereji cha evaporeta kimezibwa na majani, na waya mwembamba hutosha kukizibua.