Nuru Inayogawanyika Ndani ya Damu

Mvua zinaposhika Juba, na madimbwi yakatanda kandokando ya mto Nili, wagonjwa wa homa hujaa barazani mwa maabara, na kila mmoja hudungwa kidoleni, tone la damu yake likatandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ili mpimaji avitambue vimelea vya malaria kwa hadubini. Walakini kimelea hiki hufanya alama yake mwenyewe isiyohitaji rangi, na siri ya alama hiyo imo katika ulinganifu.

Itazame kwanza punje ya chumvi iliyonunuliwa soko la Konyo Konyo: ni mchemraba mdogo, na ndani yake atomi zimejipanga kwa usawa uleule mbele, kando na juu, hata nuru ipitayo humo huenda kwa mwendo mmoja, iwe imeelekea wapi. Sivyo ilivyo himozoini, ndiyo alama yenyewe ya kimelea. Kimelea, kiishipo ndani ya chembe nyekundu, hula himoglobini na kubakiwa na himu, ambayo ni sumu kwake, kwa hiyo huigandisha ikawa fuwele za rangi ya kahawia, ndizo himozoini. Na mpangilio wa fuwele hizo, uliobainishwa na wataalamu mwaka 2000, una pande tatu zisizolingana, wala hauna pembe mraba hata moja. Nuru ikiingia humo hugawanyika sehemu mbili, moja ikatangulia na nyingine ikachelewa.

Basi mpimaji akiweka vichujio viwili vya nuru vilivyopingana, kimoja chini ya kioo na kingine juu yake, uwanja wote huwa giza. Chumvi ingebaki gizani, bali himozoini hung'aa, na kioo kikizungushwa huzimika na kuwaka tena, mara nne kwa kila mzunguko. Alphonse Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa, alikuwa akiichunguza rangi hiyohiyo ya himozoini huko Constantine, Aljeria, mwaka 1880, alipovikuta vimelea vikitikisika.

Hata hivyo Giemsa haijastaafu, maana vimelea vichanga vina himozoini haba mno, na vile vipevu vya aina ya falsiparamu hujificha katika mishipa midogo ya viungo vya ndani. Tena fuwele zikishamezwa na chembe nyeupe huweza kung'aa humo siku kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa.